Maziwa ya Mama Mkwe

Theopista, mama mkwe wangu, hajui kumpenda mtu asiyemtii. Hapa Uru wanamsifu hadi kanisani: mjane aliyelea watoto kwa kahawa na ng'ombe mmoja, anayebeba majani kichwani toka bondeni bila kuomba msaada. Yote kweli. Kweli pia ni kwamba ni mkaidi kuliko huyo ng'ombe, na mimi simpendi.

Nilipojifungua alikuja kunitunza, kama desturi yetu inavyotaka. Asubuhi mtori wa ndizi na nyama, jioni kibuyu cha maziwa mabichi, yangali na joto la kiwele. Alisimama mlangoni mpaka nimalize. Mzazi anayekataa chakula cha mkwewe amejitafutia maneno ya maisha, kwa hiyo nilikunywa.

Homa ikaanza. Ilikuja jioni, ikanitoa jasho la kulowesha shuka, ikaondoka na kuniachia viungo vinavyouma. Zahanati wakanipa dawa ya malaria, kisha ya taifodi. Theopista akawaambia majirani kwamba mke wa mwanawe Julius amepata njia ya kukwepa jembe.

Katika hospitali ya Moshi mjini, Julius na mama yake walikonisindikiza, daktari hakuuliza habari za mbu. Aliuliza habari za ng'ombe.

"Amewahi kutupa mimba?"

"Hapana," mama mkwe akawahi.

Julius, mume wangu, akatazama viatu vyake. "Alitupa, mama. Ndama ulimzika migombani."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na mwanawe. Damu yangu ikapimwa, ikaonekana brusela, ugonjwa unaopita kwenye maziwa yasiyochemshwa. Nikapewa dawa za wiki nyingi. Daktari akatuonya sote watatu: msinywe tena maziwa mabichi.

Tuliporudi nyumbani, Theopista akakamua, akaniletea kibuyu. Nikamimina maziwa kwenye sufuria, nikabandika jikoni.

"Unachemsha maziwa yangu," akasema taratibu. "Basi sema kabisa mbele ya mwanangu kwamba mimi ni mchawi."

"Sijasema hivyo, mama. Nataka kupona nimlee mtoto wangu."

Akainua kibuyu. Yaliyobaki kibuyuni akampa Julius.

Nilimtazama mume wangu, nikamwomba kwa macho. Alikuwepo daktari alipotuonya. Amenishika mara ngapi nikilia kwa maumivu ya nyonga? Akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa yote, akafuta mdomo.

"Asante, mama," akasema.