Kabichi Nilizompa Kiboko

Rafiki yangu, nakwambia wewe kwa sababu nakuamini. Juzi hapa Jeddah nilikuwa napanguza kabati la madam, Mmisri, nikakuta kisanamu cha kiboko jike amesimama wima, tumbo kubwa la mimba.

"Huyo Taweret," madam akasema. "Wamisri wa kale walimwomba alinde akina mama wakijifungua."

Nilikuwa namjua. Nikiwa mdogo nilimwona kwenye kitabu cha mwalimu, naye akatueleza hivyo hivyo. Wakati huo mama alikuwa mjamzito, na jirani yetu alikuwa ametoka kufa akijifungua. Nikadhani viboko wa ziwa letu ndio hao hao walinzi. Alasiri moja niling'oa kabichi za mama, zikinuka matope, nikazipanga ufuoni, nikapiga magoti huku viboko wakikoroma kwenye matete.

"We mtoto, unalisha viboko shamba langu?" Mama alinichapa. Hakuuliza sababu.

Leo najua wa kuombwa ni Mungu peke yake. Lakini kila nikimpigia mama simu nimweleze, anacheka, "Mwizi wa kabichi huyo!" halafu anampa mtu mwingine simu. Inaniudhi sana. Tafadhali wasimulie wenzako, huenda ikamfikia mama: niliogopa atakufa.