Laptop Nzito ya Serafina

Zamani sisi mafundi tulichora nyumba ardhini kwa kamba na vigingi, mwenye nyumba akaingia chumba kwa chumba. Siku hizi nyumba inakaa ndani ya laptop. Serafina, mtoto wa kaka yangu, huzunguka vijiji vya ziwani akichora ramani za nyumba. Pale Mbinga mjini, dukani, alichagua laptop nzito.

"Chukua ile nyepesi inayotunza chaji," nilimwambia.

"Baba mdogo, ile itakwama kwenye ramani kubwa. Wewe na kamba zako!"

Nilimsindikiza hadi kijiji cha Mbaha. Umeme ulikuwa umekatika, na laptop ikazimika mbele ya wazee wa parokia kabla hawajaiona nyumba ya padri waliyotaka kujenga. Nikampa kamba yangu, akaichora nyumba pale nje. Wazee walipita sebuleni hadi jikoni juu ya majani, wakampa kazi.

Mara ya mwisho nilimwona akipanda basi la Songea kutafuta betri ya akiba. Kamba aliniachia.