Risasi Ambayo Mashine Haikuiona

Akiwa bado jeshini, Wangwe alimwona mwenzake akipasukiwa na bunduki usoni. Tangu hapo hakuwahi kusimama karibu na mtutu bila hofu. Lakini kazi aliyoijua ni hiyo. Mwaka wa 1996 alikuwa fundi wa bunduki za walinzi wa mifugo upande wa Migori, karibu na mpaka, na siku hiyo aliletewa masanduku mawili ya risasi za zamani ayapime. Yalikuwa yamekaa chini ya paa linalovuja.

Walikwenda asubuhi kwenye machimbo ya mawe, yeye na Levis, mlinzi wa makamo ambaye ndiye angezibeba risasi hizo. Wangwe alisimamisha mashine ya kupima kasi mbele ya mtutu. Ilikuwa na macho mawili yaliyotazama juu; risasi ikipita, kivuli chake kinagusa jicho la kwanza, kisha la pili, na mashine inatoa namba. Mawingu yalikuwa yametanda. Mita mia saba thelathini na nane kwa sekunde. Mia saba arobaini na moja.

Saa nne jua likatoka. Levis akapiga, mashine ikanyamaza. Akapiga tena, ikanyamaza. Risasi zote mbili zilikuwa zimetoboa shabaha, kwa hiyo Wangwe akajua ni mwanga mkali uliofuta kivuli. Akafunga shuka jeupe kwenye vijiti juu ya yale macho, na namba zikarudi. Baadaye upepo ukaanza kulipeperusha shuka.

Risasi ya kumi na nne, mashine ikanyamaza.

"Ni jua tu," Levis akasema, akiingiza nyingine.

Wangwe alihisi mlio ulikuwa mdogo, kama mlango uliofungwa taratibu. Au ni hofu yake tu?

"Levis, toa kidole hapo."

"Mzee, hata zile mbili zilikuwa hivi."

"Toa kidole. Mtutu ubaki kule kule. Sasa toa risasi."

Levis akatii. Wangwe akaingiza ufito wa kusafishia kutoka mdomo wa mtutu. Ulifika nusu, ukagonga chuma, ukakataa. Ile ya kumi na nne ilikuwa imekwama ndani; nyingine ingeifuata, mtutu ungepasuka.

Levis akaketi juu ya jiwe. "Nina watoto watano," akasema.

Wangwe akachomoa ufito, akaichukua bunduki.

Aliyakataa masanduku yote. Mkubwa wake alimuuliza atakataaje mamia ya risasi kwa sababu ya moja.

"Sijui ya pili iko wapi," akajibu.

Kuanzia hapo, kila mashine iliponyamaza, alisimamisha kazi na kupitisha ufito, hata mara ishirini kwa siku. Walinzi walinung'unika kwamba anawachelewesha, lakini hakuacha. Levis alilinda ng'ombe kwa rungu mwezi mzima kabla ya kukubali tena kushika bunduki.