Siku Mama Alipofungia Vitambaa vya Meza

Wanga wa muhogo ukikutana na pasi ya makaa hutoa harufu ambayo nikiinusa popote nakuwa na miaka kumi. Si harufu nzuri, nisije nikawadanganya. Ni ya uji ulioungua chini ya sufuria, yenye moshi kidogo na nguo safi kwa mbali. Juzi ilinipata nikipita nyuma ya hoteli moja mjini Bungoma. Nikasimama hapo hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, namngoja mama. Mama yangu yuko Kamukuywa, mzima wa afya, wala hakuwa na safari ya Bungoma siku hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili Mama alikuwa dobi katika klabu ndogo ya gofu nje ya mji wa Kitale. Msiitafute. Siku hizi imegawanywa ploti, na watu wamepanda mahindi mahali palipokuwa na bendera. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi vitambaa vyeupe vya meza, na alivipiga hadi vikasimama vyenyewe. Mimi nilikaa Kamukuywa kwa wazazi wake, Kukhu na Kuka, maana ndivyo tunavyowaita nyanya na babu kwetu Bungoma. Baba alikuwa na nyumba nyingine huko Turbo, na hatukuwa tukimhesabu. Shule zikifungwa mwezi wa nane nilikwenda kwa Mama wiki mbili, na klabu ikajifanya hainioni.

Mwaka ninaousimulia kulikuwa na ahadi. Mama alikuwa kibarua kwa miaka miwili, na sasa kamati ilikuwa imesema kwamba Jumatatu fulani atapewa barua ya kuajiriwa kwa kudumu. Barua hiyo ingekuja na chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, na mwenye chumba aliruhusiwa kuishi na mtoto. Ningehamia shule ya Kitale. Ningelala chumba kimoja na mama yangu kila siku, si wiki mbili kwa mwaka. Nilikuwa nimeshawaaga marafiki zangu wa Kamukuywa, wengine mara mbili.

Sasa niwaambie habari ya televisheni. Ilikuwa katika sebule kubwa ya wanachama, na kati ya sebule hiyo na jikoni kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Mfanyakazi hakuruhusiwa kukaa sebuleni hata dakika moja. Aliingia, akahudumia, akatoka. Lakini hakuna sheria iliyokataza mtoto kupanda kreti ya soda upande wa jikoni na kuchungulia, na Alhamisi ile nilipochungulia nikaona wanawake wakicheza gofu.

Barasa, mkuu wa wahudumu, mtu mwembamba wa Misikhu aliyekuwa na hofu ya kila kitu isipokuwa chai ya moto, ndiye aliyenieleza. Hayo yalikuwa mashindano makuu ya wanawake ambao gofu ndiyo kazi yao, yakichezwa Uingereza kando ya bahari ya baridi. Yalichukua siku nne. Baada ya siku ya pili, waliofanya vibaya walirudishwa nyumbani, na Jumapili jioni mmoja alibeba kikombe. Barasa alisema kikombe kile mwanamke akikipata mara moja, atatajwa nacho hadi azikwe.

Nilichagua wangu papo hapo, mwanamke mfupi mwenye kofia ya njano. Siku mbili nzima nilimwombea apate namba kubwa kuliko wote, hadi Barasa aliponisikia na kunijulisha kuwa katika gofu anayepiga mara chache ndiye anayeshinda. Nilitubu haraka. Nadhani maombi yangu ndiyo yaliyompeleka kwenye vichaka mara tatu siku ya Ijumaa.

Kilichonishika, hata hivyo, hakikuwa kofia. Nyuma ya yule mwanamke alitembea mwanamume mrefu, mwenye ndevu, na mabegani alikuwa amebeba mfuko mkubwa wa fimbo za huyo mwanamke. Mwanamke akitembea, anatembea. Akisimama, anasimama. Akinyoosha mkono, anapewa. Wenzangu, mimi nilikuwa nimetoka Kamukuywa. Siku za soko Kuka alitangulia na bakora yake peke yake, na Kukhu akafuata na ndizi kichwani na kuku mkononi. Kuka alisema anatangulia kwa ajili ya nyoka. Nyoka wa njia ile walikuwa wameisha kabla mama yangu hajazaliwa. Sasa hapa alikuwapo mwanamke aliyetangulia na fimbo moja mkononi, mwanamume akifuata na mzigo, na watu wote pembeni wakimpigia makofi yeye. Nilimkimbilia Mama kwenye chumba cha pasi kumwambia. Hakuinua macho kwenye kitambaa, ila aliniuliza, "Na huyo mwanamume hajakasirika?" Nikamwambia hajakasirika. Akasema, "Hebu endelea kuangalia."

Nikaendelea. Jumamosi wangu alipanda hadi nafasi ya pili. Jumapili jioni yalibaki mashimo matano, na alikuwa nyuma kwa pigo moja tu.

Jumapili hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya chakula cha kila mwaka cha wanachama. Wageni wangefika saa mbili, na vitambaa vyote vya meza vilikuwa kwa Mama vikimalizwa. Sebuleni kulikuwa na wanaume saba, na wa nane alikuwa Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti ya mnadani. Aliingia, akatazama televisheni kidogo, akasema, "Barasa, weka mpira bana. Hii ni ya wamama." Barasa akaweka mpira. Haikuwa hata mechi ya ligi. Ilikuwa mechi ya kirafiki, ligi yenyewe haijaanza.

Nililia. Sitajifanya kwamba nilivumilia. Nilikwenda kwa Mama na kamasi zangu, nikamwambia wameniondolea mtu wangu na yamebaki mashimo matano. Mama aliiweka pasi kwenye kigae chake, akakunja kitambaa cha mwisho, akakiweka juu ya wenzake. Kisha alitoka, akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akautumbukiza ufunguo kifuani, mahali ambapo kamati nzima isingethubutu kuutafuta. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kukunja mikono.

Barasa alikuja mbio kuchukua vitambaa.

"Viko tayari," Mama akamwambia. "Vitatoka ile gofu ikirudishwa."

"Mama Nanjala, wewe utareta shida," alisema, kwa ile r yetu inayokalia kiti cha l akiwa na wasiwasi. "Kesho si ndiyo barua? Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha miaka miwili, Barasa. Leo nimechoka kusimama kando."

Barasa alirudi na Mwenyekiti mwenyewe. Nilijificha nyuma ya Mama, nikashika rinda lake, na hapo ndipo iliponijia akilini kwamba barua inaweza kupotea. Chumba kinaweza kupotea. Nilitaka kumwambia aache, mimi sitaki tena gofu. Badala yake nikazidi kulikaza rinda lake.

"Mama, unajua kesho tunakupea barua?" Mwenyekiti aliuliza, kwa upole mbaya.

"Najua, mzee."

"Sasa unataka kuipoteza juu ya TV?"

"Mtoto wangu alikuwa anaangalia kitu," Mama akasema.

Hakupandisha sauti. Mwenyekiti alicheka, akamtazama Barasa ili acheke naye, lakini Barasa alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye kiatu chake. Mwenyekiti akatazama saa. Ilikuwa saa moja imeshapita, na sebuleni kulikuwa na meza ishirini zikiwa uchi. Akasema, "Wekea huyo mtoto hiyo kitu yake," akarudi sebuleni.

Mama alifungua mlango. Kila siku alivibeba vitambaa mwenyewe, lakini jioni hiyo alimkabidhi Barasa rundo lote, akatangulia mikono mitupu. Barasa alifuata, kidevu kikiwa juu ya vitambaa, na mimi nyuma yao wote nikitaka kucheka na kulia.

Alichofanya Mama sebuleni sikukitarajia. Alichukua kitambaa cha kwanza, akakitandika kwenye meza iliyokuwa mbele kabisa ya televisheni, akalainisha pembe zake nne bila haraka. Kisha akavuta kiti. "Kaa," akaniambia. Nikakaa. Akavuta cha pili, akakaa yeye, na aproni yake yenye madoa ya wanga, mbele ya wanaume wanane. Mpira haukuwapo tena kwenye kioo, kwa hivyo hawakuwa na kingine cha kutazama ila sisi. Mmoja alikohoa. Barasa alitandika meza nyingine mbili, akatoweka jikoni, nikajua amekimbia. Alirudi na chai, vikombe viwili vyenye visahani, vile vya wanachama. Visahani vililia njia nzima kutoka jikoni. Aliviweka mbele yetu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Karibu chai, Mama Nanjala." Tangu siku hiyo sijawahi kumwita mwoga.

Na wangu akashindwa. Katika shimo la mwisho mpira wake uliingia kwenye mtego wa mchanga wenye ukuta mrefu kumliko. Alipiga, mpira ukagonga ukuta ukarudi miguuni pake. Akapiga tena. Alimaliza nyuma kwa mapigo mawili. Nilimwona akivua ile kofia, akamshika mkono mshindi, kisha akamshika mkono yule mwanamume wa mzigo. Nililia kwa sauti, nikiwa sebuleni kwa wanachama, na Mama akanifuta kamasi kwa pembe ya kitambaa cheupe alichokipiga pasi asubuhi. Kisha tukamaliza chai yetu. Mama hakuacha hata tone.

Jumatatu alipewa barua kweli. Ilisema huduma zake hazihitajiki tena. Ilikuwa barua ya kwanza ya ofisi aliyowahi kuandikiwa, na aliikunja vizuri kwa mistari, kama kitambaa. Tulirudi Kamukuywa pamoja. Hapo sokoni alianza kupigia pasi walimu na kwaya za kanisa, na tukalala chumba kimoja kila siku kama nilivyotaka, ila kilikuwa chumba cha Kukhu, kilichovuja. Kukhu alilalamika mwaka mzima kuhusu binti aliyeacha kazi kwa ajili ya sinema ya wazungu. Mama aliendelea na pasi yake. Mimi ndiye niliyechomeka, kwa sababu nilijua nani alikwenda na kamasi kwenye chumba cha pasi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule wa kofia aliyetufukuzisha hata kikombe hakuchukua.

Nilibeba hatia hiyo hadi nikawa mtu mzima mwenye kazi na mshahara. Siku moja nikiwa nyumbani, Mama akipiga pasi majoho ya kwaya, nikajikaza nikamuuliza kama anamkumbuka yule wa kofia ya njano.

"Wa wapi huyo?" akauliza.

Nikamweleza. Alicheka hadi akaiweka pasi chini.

"Nanjala, mimi mchezo huo sikuuona hata kidogo. Mimi nilikuwa naangalia mlango, na hao wanaume. Nilitaka nione nani atakuja kutuinua kwenye vile viti."

"Na nani alikuja?"

"Si ulikuwa hapo?" akasema, akarudi kwenye joho lake.

Nilikuwapo, lakini macho yangu yote yalikuwa Uingereza. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba jioni ile tulishindwa, kwa mapigo mawili na kwa barua moja. Sasa nairudia nikitazama alikokuwa akitazama Mama, nami naona hasira za Mama mwenyewe, na hofu yake, na kikombe kilichotulia mkononi mwake. Walikuwa wanane. Walikuwa na kamati, na funguo za geti, na askari wa klabu nje. Sisi tulikuwa mwanamke mmoja na mtoto wa kamasi. Na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuja kutuambia tuinuke. Ilibidi wangoje Jumatatu, wajifungie ofisini, waandike.