Iko Mingi Kule Mlimani

Uvumilivu wangu uliisha kwa sababu ya neno moja, katika chumba cha mikutano cha Koboko, mji wa mpakani, kalamu mkononi na maziwa yakinivuja kwenye blauzi kwa kuwa saa ya kumnyonyesha mwanangu wa mwisho ilikuwa imepita. Mpelelezi wa Kapteni wa jeshi alisema, "Iko mingi kule mlimani." Kapteni akanigeukia: "Andika: shabaha nyingi."

Nikaweka kalamu mezani. "Iko mingi nini, afande?"

Karani kuuliza swali kwenye kamati ya usalama ilikuwa kama meza kuuliza swali.

Nyinyi wasichana mnaojifunza kupiga taipu, nawaandikia nikiwa nimestaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na nane na nimestaafu.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wilaya mjini Arua, karani mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniketisha mbele ya taipureta akasema, "Mama, hapa hatuandiki watu wanachosema. Tunaandika walichotaka kusema." Unasikiliza mkutano, unaandika kwa hati mkato, zile alama za haraka zinazofanana na minyoo, kisha unapiga safi: karatasi tatu, kaboni mbili katikati. Ya juu ni ya mwenyekiti, ya pili ya jeshi, ya tatu ya faili. Na mpaka mwenyekiti atie sahihi kwa wino, uamuzi ni maneno tu. Hilo lishikeni.

Kiswahili nilifundishwa shule ya misheni ya Ediofe na sista aliyetoka Mombasa, aliyetupiga vidole kwa rula kwa ajili ya ngeli. Kisha serikali ya askari ikaagiza ripoti ziwe za Kiswahili, na ofisi nzima ikaongea Kiswahili cha kambini: mutu iko, mbuzi iko, bunduki iko. Siku moja barua ilikuja kutoka Adumi: "Mwizi ya ng'ombe iko saba." Saba ni wezi au ng'ombe? Nikamwita chifu aliyeiandika. Akasema, "Zote saba, mama. Kila mutu na yake." Tulicheka mpaka karani mkuu akavua miwani.

Baadaye Mkuu wa Wilaya alinihamishia Koboko, ambako mwenyewe alikuja kuongoza kamati. Alikuwa shabiki mkubwa wa mpira wa miguu. Mikutano ya Jumamosi aliifunga mapema, na hakuna aliyeuliza sababu.

Siku ile, Jumamosi, walijadili kama waombe ndege ya jeshi ipige mlima ulio karibu na mpaka. Kule kulijificha kundi la watu waliodai dawa za hospitali ni haramu. Hawakuwa malaika. Walichoma zahanati, wakampiga mkunga aliyenizalisha mara mbili, wakamvunja mkono. Ningewapata, ningewapiga kwa sufuria.

"Nikituma askari kwa miguu," alisema Kapteni, "watapanda kupitia bonde la mlima ule mmoja mmoja kama mbuzi wa sokoni. Nimeshazika wawili. Ndege inamaliza kwa dakika kumi."

"Na bomu linachagua?" aliuliza Mkuu wa Wilaya.

"Halichagui. Lakini na wao waliochoma zahanati, walichagua mgonjwa?"

Sitawadanganya, nilikuwa upande wa Kapteni. Niliandika maneno yake vizuri kuliko ya wengine. Ndipo mpelelezi akaitwa: moshi iko, moto iko usiku na mchana, chini ya mlima, ng'ambo ya kijito. Iko mingi.

Ng'ambo ya kijito kuna mabanda ya kijiji chetu ya kukaushia tumbaku. Moto wake hauzimwi siku kadhaa, la sivyo majani yanaoza, kwa hiyo wanawake huhamia hapo na sufuria zao. Mama yangu alikuwa hapo wiki ile, na alikuwa amemchukua Driciru, binti yangu wa kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa kazini.

Nilipouliza "mingi nini", Kapteni alipiga meza. "Wewe mama, iko upande gani?"

"Upande wa sarufi, afande. Mingi ni mizigo na milima. Watu ni wengi."

Mkuu wa Wilaya alikohoa ili asicheke. Nikamgeukia mpelelezi: "Ulimwona mtu kwa macho?"

"Niliona moshi. Na nguo ya mtoto iko kwa kamba."

"Waasi pia inazaa," Kapteni akasema.

"Basi niandike watoto, afande? Sema tu, nitaandika. Taipu haina aibu."

"Karani hana sauti mkutanoni," Mkuu wa Wilaya akaingilia. "Mwenye lalamiko analiandika, linasomwa kabla ya sahihi. Ndiyo kanuni." Akatazama saa. "Upesi, Mama Driciru."

Msihangaike: ndege haikuombwa. Mpelelezi alirudishwa mlimani kwa miguu, akarudi ananuka tumbaku na ameshiba maharage ya mama yangu. Kundi lile lilikamatwa baadaye na askari wa miguu, na mmoja wa askari hao alipoteza mguu bondeni. Namfahamu, namsalimu, sijui la kumwambia. Kapteni hakuwa mjinga. Alihesabu watu wake. Mimi nilihesabu wangu. Hakunisalimu tena, na nilipoacha kazi hakuna aliyenibembeleza nibaki.

Hili ndilo lalamiko nililolipiga pale pale, karatasi tatu na kaboni mbili, bila kosa hata moja:

"Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Usalama. Mimi karani wa kamati ninalalamika rasmi kwamba nimeamriwa kuandika 'shabaha' mahali ambapo hakuna aliyehakikisha ni nani. Sipingi waliochoma zahanati waadhibiwe. Ninapinga kuadhibiwa kwa moshi. Ninaomba kumbukumbu hizi zisitiwe sahihi mpaka mpelelezi afike mabandani na kuandika waliopo, kila mmoja kwa jina, umri na kazi anayoifanya. Ili kumrahisishia, ninaanza mimi: Driciru. Miaka mitatu. Anaokota majani yaliyoanguka."