Viatu Vinavyotazama Barabara

Nilitoka Goma kwa sababu ya mawe. Mlima wetu ulipomwaga moto, moto ule ulipita juu ya kiwanja cha mama yetu kule Munigi, ukala nyumba, migomba na choo kipya ambacho hata mlango kilikuwa hakijapata. Mama alipona, Mungu asifiwe. Nikamchukua kwangu Ndosho. Lakini kila asubuhi alipanda pikipiki, akarudi juu ya mawe yale meusi, akaketi pale palipokuwa sebule yake kama anayengoja wageni.

Mdogo wangu Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, alishapata mnunuzi, mtu wa kuvunja mawe ya volkano na kuwauzia wajenzi. Alitaka tuuze kiwanja, mama aende kwake Butembo. Mama akamjibu, "Kule bunduki, hapa mulima. Afazali mulima, tunajuana." Basi wote wawili wakanigeukia mimi, Masika, mkubwa wa nyumba. Neno langu ndilo lingekata shauri. Nikawa sili vizuri, silali vizuri, na wateja wangu wa vitenge nawagombeza bure.

Ndipo Kavira, kitinda mimba wetu anayesomea mambo ya volkano Japani, akanitumia tiketi. "Yaya, kuja upumzike," akaniambia mimi dada yake mkubwa kwenye simu. "Kuko mji mudogo wa maji ya moto. Utafikiri muzuri." Kambale akaongeza lake: "Enda, lakini ukirudi, utupe jibu."

Mpakani nilivuka kwa miguu hadi Gisenyi, nikapanda basi la Kigali, kisha ndege. Juu ya ndege sisemi mengi. Niliomba rozari tangu kuruka mpaka kutua, jirani yangu akahama kiti.

Kavira alinipokea, tukaingia treni, halafu basi dogo lililopanda milima yenye miti mirefu. Kwenye kona moja nikauona mlima unafuka, na chini yake paa za nyumba, watu wanatembea na mikoba yao bila wasiwasi. Harufu ya kiberiti ikaingia dirishani.

"Kavira! Umenitoa kwa moshi, unanileta kwa moshi?"

Akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Kwenye nyumba ya wageni tulipokewa na mwenyeji wetu, Mama Haruko, mwanamke wa umri wangu. Alipiga magoti mlangoni, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Nikadhani ameangusha kitu. Nami nikapiga magoti nimsaidie kukitafuta! Tukabaki hivyo, vichwa vyetu vinakaribia kugongana, mpaka Kavira akaninong'oneza kwamba ile ni salamu.

Pale mlangoni kulikuwa na jiwe pana, jeusi, laini kwa kukanyagwa. Viatu vinavuliwa hapo. Ukilipita, uko ndani, na kiatu hakikanyagi mikeka ya ndani hata kwa dharura. Mama Haruko alieleza, Kavira akifasiri, kwamba mlima umewahi kuimaliza nyumba ile mara mbili. Ilijengwa tena pale pale. Jiwe ndilo lile lile. Nikamuuliza kwa nini kageuza viatu vyangu, vidole vikitazama nje. Akasema ni heshima kwa mgeni, asihangaike akiondoka. "Na sisi wenye nyumba tunageuza vyetu," akasema. "Sisi ni kwa ajili ya mlima, ukianza tukimbie." Nikaguna tu, nilikuwa na njaa.

Jioni tulikula chakula cha vibakuli vidogo vidogo, vizuri kama vya harusi. Nikatafuta bugali kwa macho, wapi! Kisha Kavira akanialika kwenye bwawa la maji ya moto. Kumbe wanawake wote wanaoga pamoja, uchi kabisa, hata leso hakuna. "Mimi, mama ya watoto, nivue mbele yako wewe niliyekufunga nepi? Hapana." Nikanawa kwa ndoo chumbani, nikalala.

Asubuhi nilivaa viatu vyangu nikazunguka bustani. Mkono wa kushoto wa nyumba ardhi ilishuka, na shimoni mle, katikati ya mawe, kulikuwa na bwawa lile la kuogea. Hakukuwa na upepo. Mvuke ulitulia juu ya maji. Na ndani yake bibi mzee, kichwa kimelala juu ya jiwe, macho yamefumba, kinywa wazi, hatikisiki.

Mtu wa kwetu akiona vile hahitaji kuelezwa. Kule kwetu Lac Vert kuna mashimo ambamo hukaa mazuku, hewa mbaya ya volkano, nzito, isiyoonekana. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtoto anamfuata mbuzi, naye harudi. Kwa hiyo sikufikiri. Njia fupi ya kufika bwawani ilipita ndani ya nyumba, nikapita ndani, mbio, viatu miguuni, juu ya mikeka. Nikabana pumzi kama tulivyofundishwa, nikaruka majini na nguo zangu, nikamshika bibi kwapani, nikamvuta.

Bibi akapiga ukelele, na kunipiga makofi juu! Alikuwa amesinzia tu, maskini.

Watu wakajaa. Mama Haruko akaja mbio, maana yule alikuwa mama mkwe wake. Kavira akaja na nywele zinachuruzika. Nilitamani ardhi ipasuke, ingawa kwa mtu wa Goma hayo si matamanio ya kusema kwa sauti. Nikaeleza mazuku ni nini. Kavira akafasiri. Bibi aliyekuwa akinifokea akajifunga taulo, akaniinamia, yeye mzee, mimi nimelowa kama kuku.

Kisha akanionyesha chini ya ua wa mianzi uliozunguka bwawa, ambapo waliacha tundu pana sawasawa na ardhi ili hewa mbaya itoke. Shemeji yake alishuka kusafisha bwawa siku moja isiyo na upepo, kabla tundu lile halijakuwepo. Hakupanda tena.

Nikamuuliza swali lililonitoa Goma. "Mama, na bado hamukuhama?"

"Tuliulizana kila mwaka," bibi akasema. "Tukawa tunaulizana huku tunajenga."

Nilichukua kitambaa nifute tope langu juu ya mikeka. Mama Haruko akapiga magoti kando yangu, akafuta upande wake. Siku ile niliingia bwawani, uchi, mimi na mdogo wangu na bibi, maji mpaka shingoni. Jamani, raha ile! Nikamkumbuka mama, nikalia waziwazi, hakuna aliyenishangaa.

Niliporudi Goma, waasi walikuwa wamefunga barabara ya Rutshuru itokayo Butembo, na Kambale alikuja kwa ndege ndogo. Sikupewa hata nafasi ya kufungua sanduku. Tulikwenda Munigi, yeye, mimi na mnunuzi wake. Mama alikuwa pale pale juu ya mawe, mafiga matatu, chungu cha maharagwe kinachemka.

"Yaya, sema basi," Kambale akaanza. "Tuko tunakungoja."

Nilitafuta mahali palipokuwa mlango. Shina jeusi la mparachichi lilibaki limesimama upande wa kulia, kwa hiyo halikuwa jambo gumu. Nikasimama hapo, nikavua viatu, nikavigeuza vitazame barabara. Nikakanyaga ndani. Mawe yale yanakata, nisikudanganye.

"Masika! Unavua viatu juu ya mawe, una wazimu?" Mama alipaza sauti. "Utakatika miguu!"

"Mama, hapa ni ndani."

Mama akanitazama. Akavitazama viatu vyangu. Mwiko ukabaki mkononi, maharagwe yakaanza kushika chini, tukasikia harufu yake, wala hakujali. Mnunuzi akakohoa, akamwangalia Kambale.

"Kama ni ndani, ingia basi," mama akasema. "Usisimame mulangoni kama mugeni. Na wewe Kambale, vua viatu."