Wazee Tisa Waliosema Ndiyo

Tangu Jumatatu Mwanamwema alikuwa akihesabu siku. Alhamisi saa nane mchana timu yake ya chuo ingesimama mbele ya Mwalimu Kailash kueleza mradi wao, na kiongozi wa timu ni yeye. Wakifaulu, kuna kampuni iliyoahidi kuwaita kwenye usaili. Wakifeli, yeye ataendelea kunyanyua na kuogesha wazee mpaka mgongo ukatae, na miaka arobaini na miwili ameshaitimiza.

Kazi aliyokuwa akijifunza inaitwa umeneja wa bidhaa. Jina lisikutishe. Ni kujua watu wanataka nini kabla hujawatengenezea, basi. Wenzake watatu, Ajay, Hina na Priscilla, walikuwa vijana hodari wa kompyuta, lakini hakuna aliyewahi kumvisha mzee soksi. Mwanamwema alikuwa na miaka kumi na moja akihudumia wazee majumbani kwao, Thamesmead na Woolwich, mitaa ya London. Wakamkabidhi usukani.

Wakatengeneza programu ya simu yenye kitufe kimoja kikubwa. Mhudumu akichelewa, mzee abonyeze, na ofisi ya wahudumu ipate habari papo hapo. Kabla haijaanza kutumika, Mwanamwema aliwazungukia wazee tisa, watu wa kwao Pemba na Unguja, akawauliza wanaionaje. Wote walisema nzuri, mashallah, Mungu akuzidishie. Akaandika kwenye ripoti: tisa kwa tisa wanaitaka.

Sasa niambie, mtu aliyelelewa Wete anakwendaje kumuuliza mzee wa Kipemba, uso kwa uso, kama kazi ya mikono yake inafaa, kisha akaliamini jibu? Wazee wale ukiwatilia chumvi kwenye chai watakwambia tamu. Alilijua hilo vizuri sana. Lakini alitaka kufaulu, na tamaa ikamziba masikio.

Kalpana, msimamizi wake kwenye kazi ya kuhudumia wazee, akakubali ijaribiwe kwa wazee walewale. Wiki tatu zikapita. Kitufe hakikubonyezwa hata mara moja.

"Tuseme service iko sawa," Ajay, aliyekulia Mombasa, alimwambia Jumatano asubuhi. "Zero complaints, Auntie. Hiyo ni good news."

Mwanamwema alitamani kumkubalia. Ila alimjua mhudumu mmoja aliyechelewa katika wiki hizo tatu, tena vibaya.

Alipomaliza zamu akapitia kwa Bi Siham, mmoja wa wale tisa, mwenye miaka themanini na miguu isiyomtii. Safari hii aliulizia kwa mzunguko, kama walivyozoea kwao.

"Bi Siham, kuna watu wa Kilburn wametengeneza kitu kama kile changu. Cha kubonyeza mtu akichelewa. Wataka kuwaletea nyie."

"Kile cha kuchongea?" Bi Siham alivuta kanga mabegani. "Waambie wakae nacho hukohuko. Mtoto wa mtu kapanda basi mbili kuja kunikosha, mie nimbonyeze afukuzwe?"

"Hata akichelewa sana?"

Bi Siham aliishusha kanga magotini. "Jumanne ile uliyokuja saa tano, nilikaa na nguo mbichi za haja ndogo tangu saa mbili, saa yako ya kuja. Simu ilikuwa hapa, mkononi. Nikasema la, mwanangu huyu, bora amalize chuo chake."

Mwanamwema aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Siku ile alimwambia bibi huyu kwamba mabasi yalikuwa mabaya. Hakukuwa na tatizo la basi. Walikuwa Woolwich, timu nzima, wakibishana kwa muda wa saa mbili unusu kama kitufe kibaki chekundu au kigeuzwe cha machungwa.

Usiku ule hakula. Asubuhi alijaribu kujiambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali haikulipii pango.

Alhamisi Kalpana alikuja kusikiliza, akaketi mstari wa mbele pembeni ya mwalimu. Mwanamwema alipofika kwenye ukurasa wa tisa kwa tisa, hakuufungua unaofuata. Ajay alimtazama, akimhimiza apite haraka.

"Hesabu hii si ya kweli," alisema Mwanamwema. "Walisema ndiyo kwa adabu, na mimi nilijua. Wazee wetu hawamchongei anayewaogesha. Kitufe hiki hakitawafaa. Mmoja wao alikaa na nguo mbichi saa tatu nzima, simu anayo mkononi, na hakubonyeza."

Mwalimu Kailash aliinua kichwa. Kalpana ndiye aliyeuliza.

"Na mhudumu wake alikuwa wapi?"

Mwanamwema akashika ukingo wa meza.

"Kwenye kikao cha mradi huu," alisema. "Ni mimi."

Kalpana akafungua daftari lake la zamu, akauliza ilikuwa tarehe ngapi, na Mwanamwema akaitaja.